Maisha ya Leonhard Euler, mtoto wa mchungaji, na gari linalopinduka bila watu kuanguka



Ukurasa huu, kama mnavyojua, ni ukurasa wa maisha ya watu wakubwa wa zamani. Safari hii tulifikiri kuandika juu ya mtu wa vita ao wa siasa, kwa maana hao ndio wanafunzi wanawapenda. Lakini kulitokea mabishano kule bweni, na mabishano hayo yakatufikisha kwa mtu ambaye hakushika bunduki hata siku moja. Alishika kalamu tu, na mwisho hata kalamu ilimshinda, juu ya macho.

Habari yenyewe ni hii. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa tano alirudi kutoka likizo na gazeti la zamani la Kifaransa, limechanika jalada. Ndani yake kuna picha ya magari madogo ya chuma yaliyofungwa moja nyuma ya lingine juu ya reli. Reli hiyo inapanda, inapinduka hewani kama pete, kisha inashuka tena. Watu wako ndani, miguu juu na vichwa chini, na wanacheka. Wafaransa wanaita kitu hicho montagnes russes, ndiyo kusema milima ya Warusi. Ni mchezo wa kupanda kwa furaha, siyo gari la kusafiria.

Jioni ile hakuna mtu alisoma somo lake. Wengine walisema picha ni ya uongo. Wengine walisema watu wale wamefungwa kwa mikanda, na mkanda ukikatika wamekwisha. Sisi, kama doyeni wa wanafunzi, tulikwenda kuzima kelele, na sisi wenyewe tukaingia ndani ya kelele. Taa ilizimwa tukiwa bado tunabishana.

Kesho yake tulimpelekea mwalimu wetu wa fizike ile picha. Hakutujibu kwa maneno. Aliomba ndoo yenye maji nusu, akatoka nayo uwanjani, akaizungusha kwa mkono wake, juu na chini, juu na chini, kwa mbio. Hata tone moja halikumwagika. Kiisha akatueleza kwamba kutoanguka si shida kubwa. Shida ni namna ya kupinda reli ile ili shingo za watu zisivunjike, na mstari unaotumika kwa kazi hiyo ulichunguzwa na mtoto wa mchungaji mmoja, zaidi ya miaka 200 mbele ya gari lile la picha kujengwa. Mtoto huyo ndiye Leonhard Euler. Jina lake linasomwa Oila.

KUZALIWA NA MASOMO

Leonhard Euler alizaliwa tarehe 15 mwezi wa 4 mwaka 1707 katika mji wa Basel, inchi ya Uswisi. Baba yake, Paul Euler, alikuwa mchungaji wa Kanisa la Reforme, moja katika makanisa ya Kiprotestanti ya zamani kabisa. Mama yake, Marguerite Brucker, alikuwa pia binti wa mchungaji. Leonhard alipokuwa bado mtoto mchanga, jamaa yote ilihamia kijiji cha Riehen karibu na Basel, kwa sababu baba alipewa kazi ya kanisa kule.

Mchungaji huyu alipenda hesabu. Wakati wa ujana wake alisikiliza mafundisho ya Jakob Bernoulli, bingwa wa hesabu wa Basel. Basi yeye mwenyewe ndiye alimfundisha mtoto wake hesabu za kwanza nyumbani. Likumbukeni jina la Jakob Bernoulli, litarudi mbele.

Mwaka 1720 Leonhard aliingia universite ya Basel. Alikuwa na miaka 13 tu. Kwetu mtoto wa miaka 13 ndipo anaanza sekondari, tena analia usiku wa kwanza kule bweni. Mwaka 1723 alipata diploma yake kwa kulinganisha mawazo ya Descartes na ya Newton. Baba alitaka mtoto awe mchungaji kama yeye. Mtoto akatii, akaanza kusoma teolojia, Kigriki na Kiebrania.

Lakini moyo wake ulikuwa katika hesabu. Jakob Bernoulli alikuwa amekwisha kufa, na mdogo wake Johann Bernoulli ndiye alikuwa profesa. Leonhard alimwomba amfundishe peke yake. Profesa alikataa, alikuwa na kazi nyingi. Ila alimpa shauri moja: asome mwenyewe vitabu vigumu, na mahali asipoelewa aweke alama, kisha aje siku ya posho saa za mchana kuuliza. Kijana alijitahidi wiki nzima ili maswali yake yawe machache, asimchoshe mkubwa. Sisi tunapoona shida katika kitabu tunakimbia mara moja kwa mwalimu ao kwa mwenzetu mwenye daftari safi. Euler alipigana kwanza peke yake mpaka shida ikabaki ndogo.

Johann Bernoulli alitambua kwamba kijana huyu si wa kawaida. Akaenda kuzungumza na baba, na baba akakubali mtoto aache teolojia afuate hesabu. Kwa mzazi haikuwa jambo jepesi. Lakini Euler hakuacha imani ya nyumbani. Mpaka uzee wake alikuwa akikusanya watu wa nyumba yake jioni, akisoma Biblia pamoja nao.

Alipokaribia miaka 20 aliingia katika shindano la Akademia ya Paris. Swali lilikuwa hili: milingoti ya merikebu ipandwe wapi ili chombo kiende vizuri? Uswisi haina bahari. Kijana alikuwa hajaona merikebu ya bahari kwa macho yake. Alijibu kwa hesabu tu, na hakushinda zawadi ya kwanza, lakini jibu lake lilipewa heshima. Baadaye alishinda shindano lile mara 12.

KWENDA URUSI

Mwaka 1727 aliomba kazi ya profesa wa fizike katika mji wake wa Basel. Hawakumpa. Ndipo aliondoka kwenda Urusi, katika mji wa Saint-Pétersbourg, ambako rafiki yake Daniel Bernoulli, mtoto wa Johann, alikuwa anafundisha katika Akademia mpya. Aliingia Urusi siku ileile Malkia Catherine wa Kwanza alipokufa. Mambo ya Akademia yakavurugika, feza zikakosekana. Kwa muda Euler alitumika katika jeshi la majini ili apate kula. Mwaka 1731 alifanywa profesa wa fizike, na mwaka 1733, Daniel aliporudi kwao, Euler alichukua mahali pake kuwa profesa wa hesabu.

Mwaka 1734 alioa Katharina Gsell, binti wa mchoraji wa picha kutoka Uswisi. Walizaa watoto 13. Wanane walikufa wakingali wadogo, watano tu walikomaa. Tukisoma kwamba mtu huyu aliandika kazi zaidi ya 800, tusifikiri alikuwa amekaa katika nyumba ya kimya. Aliandika katikati ya kelele za watoto na kilio cha matanga. Wanasimulia kwamba aliweza kufanya hesabu huku mtoto amekaa magotini pake.

Katika mji huo ndiko kuna chanzo cha jina la milima ya Warusi. Wakati wa baridi kali Warusi walikuwa na desturi ya kujenga kilima cha miti, kirefu kuliko nyumba. Walikimwagia maji, maji yakaganda kuwa barafu, na watu wakapanda juu kwa ngazi, wakateleza kwa mbio mpaka chini. Baadaye Wafaransa waliupenda mchezo huo. Kwao baridi haitoshi, basi wakaweka magurudumu mahali pa barafu. Mwaka 1817 Paris ilikuwa na milima ya namna hiyo yenye vigari vya magurudumu vinavyoteremka katika njia yake.

Katika miaka hiyo ya kwanza kule Urusi, Euler alifanya jambo lililompa jina katika Ulaya nzima. Kulikuwa na hesabu iliyowashinda mabingwa kwa miaka mingi: kujumlisha 1, na robo, na moja ya tisa, na moja ya kumi na sita, kuendelea hivyo bila mwisho, kila namba ya chini ikiwa ni mraba. Jakob Bernoulli mwenyewe ilimshinda. Mwaka 1735 Euler alionyesha kwamba jumla yake ni pi mara pi, gawanya kwa 6. Wenzetu wa seksio ya hesabu na fizike wajaribu na kalamu. Wataona namba inakaribia 1,645 pole pole sana. Namna pi, ambayo ni namba ya duara, iliingia hapo, ni jambo la kushangaza hata leo.

Alama nyingi tunazoandika ubaoni zinatoka kwake. Yeye ndiye alianza kuandika f(x), ndiye aliita e ile namba ya logaritme, ndiye alitumia i kwa mzizi wa namba moja ya kutoa. Kila mara tunapolalamika juu ya hizo alama, tujue tunamlalamikia yeye.

JICHO LA KWANZA

Mwaka 1735 homa kali ilimkamata, bado kidogo afe. Mwaka 1738 jicho lake la kuume lilipofuka. Yeye alisema sababu ni kazi ya kuchora ramani. Katika picha zake za baadaye mnaweza kuona uso wake umegeuzwa kidogo, na jicho lile limefungika. Alibaki na moja.

Mwaka 1741 Mfalme Frédéric wa Pili wa Prussia alimwita Berlin. Alikaa kule miaka 25. Alifanya kazi nyingi sana, lakini mfalme hakumpenda. Mfalme alipenda watu wenye maneno matamu mezani, na Euler alikuwa mtu wa kawaida, mwenye kuamini Mungu waziwazi kati ya watu waliocheka dini. Mfalme alifika hata kumtania juu ya jicho lake, akimwita kwa jina la yule jitu la hadithi za Wagriki lenye jicho moja. Mtu mwenye kiti cha enzi kumcheka mtumishi wake kwa kilema! Mnaona, hata katika nyumba za wafalme kuna tabia ambazo hapa shuleni tunawapa wanafunzi azabu kwa ajili yake.

Kulikuwa pia na kesi ya maji. Mfalme alitaka bustani yake ya Sanssouci iwe na maji yanayoruka juu. Mafundi waliweka mabomba zaifu. Mwaka 1749 Euler alifanya hesabu akaonya kwamba mabomba hayawezi kushika nguvu ya maji, lazima yawe na unene zaidi. Hawakufuata. Kazi iliharibika, na miaka mingi baadaye mfalme alimcheka Euler na hesabu zake. Aliyeonya ndiye alichekwa.

CHUMA KILICHOPINDA

Sasa tufike kwenye mstari wetu. Mwaka 1744 Euler alitoa kitabu kikubwa, na mwisho wa kitabu aliongeza sehemu juu ya vyuma vyembamba vinavyopindika, kama blade ya msumeno ao resore. Aliuliza maswali mengi humo. Moja ni hili: kama tunataka chuma chembamba ambacho, tukifunga ncha yake moja ukutani na kutundika uzito kwenye ncha nyingine, kinyooke kabisa, basi mbele ya kutundika uzito kinapaswa kupindwa kwa umbo gani?

Jibu lake ni mstari ambao kona yake inaongezeka sawasawa na urefu uliokwisha kutembea. Fikirini mtu anaendesha gari katika kiwanja kikubwa. Anaanza kwa kwenda sawa. Kisha anazungusha usukani pole pole, kwa kipimo kimoja, bila kusimama na bila kubadili mwendo. Njia ya magurudumu yake mchangani ndiyo mstari huo. Mwanzo ni karibu kunyooka, halafu unapinda, halafu unapinda zaidi, mpaka unajizungushia ndani kama gamba la konokono.

Jakob Bernoulli, yule mwalimu wa baba yake, alikuwa amekwisha kuugusa mstari huu mwaka 1694, lakini hakuuchora. Euler aliueleza vizuri na kuonyesha umbo lake. Ila kitu kimoja kilimshinda. Konokono ile inazunguka ikikaribia sehemu moja, na Euler hakuweza kupata hesabu kamili ya mahali ilipo ile sehemu. Aliandika wazi katika kitabu chake kwamba hajaweza. Hakuficha. Akaliacha swali wazi, akaenda na kazi nyingine.

GIZA

Mwaka 1766 Malkia Catherine wa Pili alimwita arudi Urusi. Alikuwa na miaka 59. Hapo jicho la pili nalo likaanza kufunikwa na utando. Mwaka 1771 ulikuwa mwaka mbaya kwake. Moto mkubwa uliunguza sehemu ya mji na nyumba yake ikateketea. Fundi mmoja aliyetoka Basel aliingia ndani ya moto, akambeba mgongoni akamtoa. Daftari zake nyingi ziliokolewa. Mwaka huohuo daktari alimpasua jicho, na kwa siku chache Euler akaona mwanga tena. Kisha jicho likaoza, na giza likafunga kabisa. Mwaka 1773 mke wake Katharina akafa.

Mtu yeyote angesema basi, kazi imekwisha. Lakini hapa ndipo ajabu yake. Alikuwa na kichwa cha kushika mambo. Tangu ujana alijua kwa moyo kitabu kirefu cha mashairi cha Virgile, na aliweza kutaja mstari wa kwanza na wa mwisho wa kila ukurasa. Sasa alifanya hesabu ndefu kichwani na kuwaambia wengine waandike. Watoto wake wa kiume walimsomea na kumwandikia. Vijana wa Akademia walikuja, kati yao Nicolas Fuss kutoka Basel, ambaye alifika mwaka 1773 na kukaa naye miaka kumi. Kitabu chake kikubwa cha aljebra alikisoma kwa mdomo, na aliyekiandika alikuwa kijana mshonaji wa nguo ambaye hakujua hesabu. Wanasimulia kwamba kitabu kilipofika mwisho, kijana yule alikuwa ameielewa aljebra. Kwa mwaka 1775 peke yake Euler alitoa kazi karibu moja kila wiki.

Mwaka 1781 lile swali alilokuwa ameliacha mwaka 1744 lilipata jibu. Miaka 37 ilikuwa imepita. Alikuwa kipofu, mwenye miaka 74. Alipata hesabu kamili ya mahali pale konokono inapofikia. Mstari ambao aliuchora akiwa na jicho moja, aliumaliza bila hata moja.

Tarehe 18 mwezi wa 9 mwaka 1783 alifundisha mjukuu wake kidogo, akafanya hesabu ya namna mipira ya hewa inavyopaa, na kwenye meza akazungumza na wenzake juu ya njia ya sayari Uranus, iliyokuwa imegunduliwa miaka miwili mbele. Jioni damu ilipasuka kichwani, akapoteza fahamu, akafa. Akademia iliendelea kuchapa karatasi alizoacha kwa karibu miaka 50.

GARI LA CALIFORNIA

Sasa turudi kwenye picha yetu. Watu walitafuta kupindua gari juu chini tangu zamani. Mwaka 1846 Paris ilikuwa na reli yenye pete ndogo, kama metre 4 tu. Mwaka 1895, kule Coney Island karibu na New York, walijenga moja ya duara kamili, metre 7 na nusu hivi. Watu walishuka wameshika shingo zao. Mwaka 1901 Edwin Prescott alijenga nyingine palepale, akairefusha ifanane na yai, na hapo watu waliumia kidogo zaidi. Lakini ilibeba watu wanne tu kwa mara moja, haikuleta feza, nayo ikafungwa.

Ubaya wa duara kamili uko wapi? Tulifanya hesabu pamoja na mwalimu. Tuseme gari linapita kileleni kwa mbio ndogo kabisa ya kutosha lisidondoke. Mraba wa mbio hiyo ni g mara r. Likishuka mpaka chini, mraba wa mbio unakuwa 5 mara g mara r. Ukijumlisha na uzito wa mtu mwenyewe, kiti kinamsukuma kwa nguvu mara 6 ya uzito wake. Mwanafunzi wa kilo 50 anajisikia kilo 300! Na tena nguvu hiyo haiji pole pole. Reli imenyooka, imenyooka, halafu kwa mara moja imekuwa duara. Ni kama kupigwa fimbo kisogoni.

Basi dawa ni nini? Chini, ambako gari liko na mbio nyingi, reli ipinde kidogo tu, kwa duara pana. Juu, ambako gari limechoka, reli ipinde sana, kwa duara dogo. Na kutoka kupinda kidogo mpaka kupinda sana kuende pole pole, bila kushtua. Huo si ndio mstari wa Euler? Enjeniere wa reli walikuwa wameutambua mbele. Mwaka 1890 hivi Arthur Talbot kule Marekani aliandika namna ya kuutumia katika kona za reli ili treni isitupe watu ubavuni. Miaka hiyo pia Mwitaliano Ernesto Cesàro aliupa jina klotoide.

Ilibaki chuma. Reli za mbao haziwezi kupindwa kila namna. Mwaka 1959, katika bustani ya Disneyland, California, walijenga mlima wa kwanza wenye reli za bomba la chuma. Bomba linapindika kama unavyotaka, na magurudumu yanaweza kulishika pande tatu: juu, ubavuni na chini. Gurudumu la chini ndilo linazuia gari lisiruke kutoka relini. Mwaka 1975 kule California lilifunguliwa gari linalowazungusha watu kama kizibulio cha chupa. Na mwaka 1976, mwezi wa 5, katika bustani ya Magic Mountain, palepale California, lilifunguliwa gari lililoitwa Revolution. Lilijengwa na Anton Schwarzkopf, Mjerumani, na mahesabu yalifanywa na enjeniere Werner Stengel, Mjerumani pia. Njia yake ina urefu wa kupita kilometre moja, mbio zake zinafika kilometre 88 kwa saa, na pete yake ina urefu wa metre 27 hivi. Pete ile si duara. Ina umbo la tone la maji lililogeuzwa juu chini, inapinda sana juu, inapinda kidogo chini. Stengel aliichora kwa klotoide. Shingo zikapona, na tangu hapo magari ya namna hiyo yalijengwa mahali pengi duniani.

Kwa hiyo wote wa bweni walikosa. Picha si ya uongo, na mkanda siyo unaowabeba watu. Kule juu gari linataka kuendelea mbele sawa, na reli inalilazimisha kupinda, ndiyo maana kiti kinabaki kimegandamana na mtu, kama maji na ndoo. Mkanda ni wa usalama, kama gari likisimama.

TUNAJIFUNZA NINI

Tuko na neno moja la mwisho, na kwa neno hili hasa ndipo tumeandika.

Mwenzetu yule wa mwaka wa tano, mwenye gazeti, aliingia bwenini siku ile akatuuliza picha ile ni ya nini. Wengi walifikiri anafanya mchezo. Hakuwa anafanya mchezo. Macho yake yamepungua nguvu tangu mwaka jana. Ubaoni haoni kitu hata akikaa mbele, na miwani aliyopewa haikusaidia. Baada ya mitihani ya mwezi uliopita alifunga sanduku lake ili arudi kwao, akisema hesabu haiwezi kufanywa na mtu asiyeona.

Hatutaki kudanganya. Euler alikuwa mtu wa kipaji ambacho Mungu hawapi watu wengi. Alikuwa na mshahara wa Malkia na vijana wa Akademia wa kumwandikia. Mwenzetu hana hayo. Lakini tuangalie vizuri: kazi ile ya giza haikufanywa na Euler peke yake. Kulikuwa na watoto waliosoma kwa sauti, na kijana mshonaji aliyeandika asichokielewa mpaka akakielewa. Bila wao, hesabu zile zingekufa ndani ya kichwa cha mzee.

Kwa hiyo sisi wa mwaka wa sita tulipanga zamu. Kila jioni, kiisha sala, wawili wanakaa naye, mmoja anasoma daftari kwa sauti, mwingine anaandika anachosema. Wiki ya kwanza tulichoka. Wiki ya pili tuliona kitu: yule anayemsomea naye anashika somo kuliko zamani. Sanduku limefunguliwa, liko chini ya kitanda.

Sasa ekzame ya Serikali iko karibu, na kiisha hiyo sisi tutaondoka. Zamu itabaki bila watu. Wandugu wa mwaka wa tano, ni ninyi mko naye darasa moja, na mwaka kesho mtakuwa wakubwa wa shule. Karatasi ya zamu tumeibandika mlangoni mwa bweni la pili. Kuna mistari 14, na mpaka leo tunapoandika majina yaliyoandikwa ni matatu.